Jibu la Swali la Saba

Profesa wetu alikuwa na kanuni moja, na aliishikilia kama mlevi anavyoshika ukuta: ndugu waliolelewa nyumba moja wakijibu tofauti maswali ya malezi, basi dodoso halifai, litupwe. Kwa hiyo kazi yangu ilikuwa kuwatenganisha ndugu, huyu chumba hiki, yule kile, wajaze bila kuchunguliana. Watu wazima, lakini ukiwapa kalamu wanarudi darasa la pili.

Siku hiyo walikuja fundi bomba na mdogo wake, mwalimu. Waliingia wakitaniana, wakajaza, wakarudisha karatasi. Halafu wakafanya kile kile nilichowakataza: walisimama koridoni wakilinganisha majibu.

"Ile ya saba, ya baba kukupiga, umejibu nini?" fundi aliuliza.

"Hakunipiga hata siku moja."

Fundi alipandwa na hasira. "Hata siku moja? Baba yupi huyo? Mimi mgongo una alama mpaka leo, wewe unamsafisha mbele za watu!"

Nilitoka mbio kuwaamua. Moyoni nilimwonea huruma fundi. Hakutaka kingine ila mdogo wake akubali kwamba yale yalitokea.

"Sijamsafisha," mwalimu alisema. "Swali limeniuliza mimi. Kaka, ile redio nani aliivunja?"

"Mimi."

"Kaka."

"Si nimeshasema mimi?"

"Niliivunja mimi. Na kioo cha dirisha, mimi. Kila nikiharibu kitu, wewe unanikingia kifua. Ulidhani sijui?"

Fundi alitazama viatu vyake. Hasira zilikuwa zimemwisha. "Ulikuwa na pumu," alisema. "Ukilia kidogo tu, pumzi inakata. Ningefanyaje?"

Kanuni ya Profesa ingesema mmoja wao anadanganya, kumbe wote wawili wamesema kweli tupu.

Mwalimu alijifuta uso kwa kiganja, akanigeukia mimi. "Dada, naomba karatasi yangu. Kuna jibu nimekosea."

Karatasi ikisharudishwa hairekebishwi. Hiyo nayo ni kanuni. Nikampa, na kalamu juu.

Hakuligusa swali la saba. Alikwenda la kwanza kabisa, linalouliza mlezi wako mkuu alikuwa nani. Akakata neno "baba", akaandika "kaka".