Shingo ya Tusajigwe

3.
Usitafute moja. Moja ni siku ambayo Tusajigwe, miaka sita, aliambiwa saratani yake ya tezi za limfu imekwisha, mama yake akacheza mle mle koridoni. Mbili ni picha ya jana. Sisi tunaanzia hapa: Dk. Bupe Mwakalindile, anayesomea ubingwa wa picha za vipimo vya watoto, amekataa kusaini ripoti ya picha hiyo.

TANGAZO KWA WAZAZI NA WALEZI
a) Mtoto asile kwa saa sita kabla ya kipimo.
b) Mablanketi na nguo za nyumbani HAZIRUHUSIWI. Mtoto atavaa gauni la hospitali.
c) Kiyoyozi kisiguswe.

4.
Kwa wewe ambaye hujawahi kulala ndani ya mashine ile:
mtoto hudungwa sukari yenye mionzi kidogo;
hungoja saa nzima, ametulia;
saratani ni mlafi wa sukari, kwa hiyo huwaka kwenye picha ya kwanza;
picha ya pili huonyesha kuna nini pale panapowaka: mfupa, tezi, au

Kuzisoma mbili kwa pamoja ndiyo kozi yenyewe, miaka miwili.

5.
"Shingo inawaka pande zote mbili," alisema Profesa Kiango, mwalimu wa Bupe. "Ugonjwa umerudi. Dawa kali zianze kesho."
"Panapowaka hapana tezi, Profesa. Ni mafuta matupu."
"Tezi ndogo hujificha."
"Na mtoto aliyekuwa anatetemeka, je?"

Baridi.

6.
Shingoni mwa watoto kuna mafuta ya kahawia. Wakipigwa na baridi, mafuta hayo huchoma sukari ili kuupasha mwili moto, na kwenye picha huwaka sawasawa na saratani. Somo hilo Bupe alifundishwa na Profesa mwenyewe. Husemwa penye wazee haliharibiki neno. Waliosema hivyo hawakuwahi kukaa na gauni jepesi kwenye chumba cha nyuzi kumi na sita.

7.
Mama Tusa, kwenye benchi:
"Alikuwa anatetemeka, daktari. Niliomba nimfunike, nesi akaniambia nisome tangazo. Nikasoma. Ningefanyaje, mwanangu?"
Bupe alitaka kumwambia kwamba

Alimshika mkono tu.

8.
Yaliyosikika mlangoni:
— Kambishia Profesa?
— Mbele ya watu.
— Na mtihani wake wa mwisho anasahihisha nani?
— Huyo huyo.

9.
FOMU YA KUOMBA KURUDIA KIPIMO
Mwombaji: Dk. B. Mwakalindile
Sababu: Tulimgandisha mtoto, kisha tukaisoma baridi yetu kama ugonjwa wake.
(Pembeni, wino mwekundu wa Profesa: Tumia lugha ya kitaalamu.)
(Chini yake, wino wa bluu: Ndiyo hiyo.)
Hatari: Mionzi mara ya pili, na siku tatu bila dawa. Naijua.
Atakayewajibika: Mimi.

Profesa aliishika kalamu kwa muda mrefu. Alisaini bila kumtazama.

10.
Siku ya tatu. Bupe amezima kiyoyozi kwa mkono wake, na tangazo amelibandua. Tusa amengoja saa yake nzima na sweta, soksi mbilimbili, na blanketi la nyumbani lenye harufu ya moshi.
"Daktari, nasikia joto," alilalamika.
"Vumilia, mama. Leo nataka utoke jasho."

Wewe unayesoma, nawe umeshachagua upande. Ngoja kidogo. Bupe anaweza kuwa amekosea. Usiku wa jana alilijua hilo, na bado

11.
Picha hujijenga kuanzia chini. Mapaja. Kibofu, kinachowaka kama kawaida yake. Tumbo.

Profesa alivuta kiti karibu.
"Ukiwa umekosea?"
"Nitamwambia mama yake mimi mwenyewe."

Moyo. Mabega.

"Na kama hujakosea?"

Bupe hakuondoa macho kwenye skrini.
"Utamwambia wewe, Profesa. Mimi nitasimama pale nisikie."

Shingo ikaanza kutokea.