Kizibo cha Mgeni wa Heshima

Chupa ile ilikuwa imepulizwa naitrojeni saa nzima kufukuza hewa, na Ndinda, mtafiti wake, hakutaka hata nzi aisogelee. Ndani yake mlikuwa na dawa ya kahawia yenye shaba ya mwisho katika maabara yote ya chuo, hapo Kitui. Shaba kidogo tu, lakini ndiyo inayotia adabu minyororo ya molekuli za plastiki inapoota: inauzuia huu, inauachia ule, yote irefuke sawasawa. Bila shaba inarukiana kama wageni wa harusi walioona pilau. Na hewa ikiingia, shaba inaharibika na kazi imeisha.

Minyororo hiyo ingekuwa unga wa kushika maji ya mvua udongoni. Kule Kyuso baba yake, mzee Kivuva, alikuwa ameacha ekari nzima ya ndengu bila kupanda, akiungojea. Mvua ilitarajiwa wiki hiyo hiyo.

Basi akaja mgeni wa heshima. Daktari Nzomo, mkuu wa idara, alikuwa ameandaa hema, soda, fulana na kitabu cha wageni. Akasahau utepe! Na kwetu, jamani, mradi haujazinduliwa mpaka mkubwa akate kitu au afungue kitu.

"Mheshimiwa atafungua chupa," Nzomo akatangaza.

"Daktari, tafadhali! Hewa ikiingia..."

"Ndinda, usituaibishe mbele ya wageni."

Mchungaji akaomba dakika ishirini, akakemea hata pepo wa ukame. Mheshimiwa akang'oa kizibo, akanusa, akainua chupa ili kamera zimwone vizuri. Ile rangi ya kahawia ikageuka polepole, ikawa kijani.

Makofi! Vigelegele!

"Kijani!" mheshimiwa akapaza sauti. "Hivi ndivyo Kyuso itakavyokuwa!"

"Imekufa," Ndinda akasema. Aliyemsikia ni mpiga picha peke yake, naye akamwomba asogee, anaziba mwanga.

Wageni walipoondoka, Nzomo alimpongeza. Shaba nyingine? Ombi lingepitia kamati, labda miezi sita. Simu ya Ndinda ikalia.

"Tumeona picha!" Baba alikuwa akicheka. "Nimewaambia majirani nao wangoje. Hakuna anayepanda mpaka unga wako ufike."

"Baba, kimbia uwaambie wapande leo. Hakuna unga. Ile kijani ni dawa iliyoharibika."



"Lakini, Ndinda," mzee akasema, "mheshimiwa si ameshazindua?"