Kemboi Hana Tiketi

Katika uwanja wa ndege wa Roma, Jeruto alikuwa amepiga magoti akimfunga Toni, mtoto wa mwajiri wake, kamba za viatu alipomwona mwanawe mwenyewe chini ya benchi la pili. Kemboi alikuwa ameketi wima bila kuegemea kitu, kama watoto wanavyoketi wiki ile wanapojua kuketi, na alikuwa anatafuna ukingo wa blanketi lake la kijivu. Jeruto alimaliza kiatu cha kushoto, akafunga na cha kulia, kisha akaenda kumchukua.

Alipomwacha kwa dada yake Chepngeno, katika kambi ya wafanyakazi wa shamba la pareto karibu na Njoro, mtoto huyo alikuwa bado anaanguka kiubavu akiketishwa. Memsahib, mke wa Bwana mwenye shamba, alikuwa amesema kwamba wanakwenda likizo Ulaya na yaya lazima aende. Likizo waliyoijua watu wa kambini ni ile ya Krismasi na siku inayofuata, basi. Jeruto alijua Ulaya ni mbali, kwa hiyo akaongeza siku za njiani, akamwambia dada yake, "Kabla hujamaliza debe hili la unga nitakuwa nimerudi." Debe likaisha. Likizo ya Bwana ikapita majira ya kupanda, ikapita na ya kuvuna. Halafu Memsahib akapenda upepo wa bahari ya kwao, ikaongezwa, na mahindi yakapandwa tena. Hakuna aliyemuuliza yaya kama ana mtu nyumbani. Walijua anaye. Tumbo lake lilikua mbele yao, jikoni kwao, akiwapikia mayai.

Sasa walikuwa wanarudi. Ndege moja hadi Roma, nyingine hadi Khartoum, nyingine hadi Entebbe, nyingine hadi Nairobi, na ya mwisho ndogo, ya rafiki yake Bwana, hadi Nakuru. Safari ilichukua siku mbili, lakini Jeruto aliziona kama siku moja kwa sababu hakulala. Toni alilala juu ya mkono wake njia nzima.

Kwao mtu akitoka safari humtemea mtoto mate kidogo kifuani, mate ya baraka, kabla ya kumbeba. Jeruto alimtemea Kemboi pale chini ya benchi, naye akacheka. Maziwa yaliyokauka kule Ulaya, wiki za kwanza, katika chumba cha kufulia, yalirudi yote kwa mara moja. Mtoto alinyonya. Memsahib aliinua macho kutoka kwenye gazeti lake.

"Jeruto, nguo yako iko maji. Badilisha."

"Huyu ni Kemboi, Memsahib."

"Mimi naona. Badilisha."

Mlangoni karani alifunua blanketi, akatazama, akasema maneno kwa Bwana. Bwana alitafsiri kwamba mtoto hana tiketi. Jeruto alimrudisha chini ya benchi, akamkunjia blanketi miguuni. Alipokuwa anapanda ngazi za ndege alimwona mfagiaji anafagia kumzunguka, kwa uangalifu, kama anavyofagia mtu aliyezoea.

Khartoum walifika jua linatua, na joto lilikuwa limebaki sakafuni. Kemboi alikuja akitambaa kutoka upande wa forodha, magoti yamejaa vumbi. Alikuwa na meno manne. Karani mzee mwenye kilemba alikuwa amempa tende, na mtoto alikuwa ameifinyangafinyanga hadi ikamfika viwikoni. Jeruto alimtemea mate kifuani na kumnyonyesha, na alipong'atwa hakumwondoa. Meno yale yalitoka mtu mwingine akiyatazama. Mtu mwingine alikesha naye wakati wa homa, usiku ambao yeye alikuwa anamwimbia Toni kando ya bahari ambayo hakuihitaji.

Alisimama na mtoto mikononi. Alikwenda kwa Bwana.

"Bwana, huyu mkatie tiketi."

Bwana hakuwa mtu mbaya. Yeye mwenyewe alilisema hilo mara nyingi. Aliweka glasi yake chini akamjibu taratibu, "Yeye iko kule shamba, Jeruto. Kesho utaona yeye kule. Kwa nini unataka yeye mara mbili?"

Jeruto alimwacha Kemboi pale, akalitafuta jibu la swali hilo kutoka Khartoum hadi kulipopambazuka. Jibu alilopata ni kwamba wao wanaye Toni mara zote.

Entebbe, Kemboi alikuwa amesimama. Alishika benchi kwa mkono mmoja, magoti yanamtetemeka, amevaa shati la kijani ambalo Jeruto hakuwahi kuliona. Kuli mmoja aitwaye Omolo, mtu wa Kisumu aliyehamia Entebbe kwa ajili ya kazi, alikuwa ameegemea rukwama yake ya mizigo akimwangalia asianguke.

"Huyu ni wako, mama?"

"Ni wangu."

"Nilijua tu. Ana macho ya kutafuta mtu." Omolo alionyesha kwa kidevu ukumbi mzima. "Hapa wanakaa wengi. Yule pale mama yake ni yaya wa bwana mmoja wa Kitale. Wale mapacha ni wa mpishi. Sisi huwa tunawapa uji. Hawasumbui, shida yao ni tiketi tu."

"Wanakaa mpaka lini?"

Omolo alifikiri. "Huyo wa Kitale nilimkuta hapa nikianza kazi," alisema.

Jeruto alimwomba amtazamie Kemboi, na Omolo akakubali, akaongeza kwamba hata asingeombwa. Memsahib aliita. Toni alikuwa amemwaga maziwa yake, na palitakiwa mtu wa kupangusa.

Nairobi alimwona kabla hajashuka. Kemboi alikuwa anakimbia kwenye majani kando ya banda la ndege ndogo, anaanguka, anainuka, anakimbia tena. Alikuja moja kwa moja hadi kwenye sketi yake akaishika. "Mama," alisema, wazi kabisa, kama mtu aliyelifanyia neno hilo mazoezi. Jeruto alimbeba, na safari hii hakumweka chini.

Rubani alikuwa anapima mizigo kwenye mizani. Alipima masanduku, akapima seti ya vikombe ya Memsahib, akapima kikapu cha mtoto wa mbwa waliyemnunua Ulaya, mweupe mwenye madoa, mwenye cheti cha daktari na picha yake ikiwa imebandikwa. Kisha akamtazama Jeruto na mtoto aliyembeba, akatikisa kichwa. Ndege imejaa, alisema. Mmoja lazima abaki.

"Abaki mbwa," Jeruto alisema.

Memsahib hakukasirika. Aliongea kwa upole, jinsi anavyoongea na watu wanaohitaji kueleweshwa. "Jeruto, mbwa hii hapana jua mtu hapa. Itaogopa sana."

Bwana ndiye aliyemchukua Kemboi mikononi mwake, akamsimamisha kwenye majani, akampapasa kichwa. Kikapu kikawekwa mapajani mwa Jeruto. Ndege ilipita juu ya Naivasha, ikapita juu ya kambi ya askari ya Gilgil, na mbwa akatapika. Jeruto alimpangusa kwa kitambaa kilekile alichompangusia Toni, na katika maisha yake yote hakuwahi kumchukia kiumbe asiye na kosa kama alivyomchukia yule mbwa.

Jioni gari lilimshusha kambini, na Bwana akasema apumzike kidogo kisha apande kwenye nyumba kubwa kilimani kumlaza Toni. Watoto waliokuwa wakicheza waliliona gari wakajipanga mstari kando ya njia, kama walivyofundishwa na nyapara, wakapunga mkono. Kemboi alikuwa wa mwisho, mkubwa kiasi, tumbo mbele. Alimtazama mwanamke mwenye viatu na kofia aliyetoka ndani ya gari la Bwana, akainamisha kichwa.

"Jambo, Memsahib," alisema.

Jeruto aliinama akamtemea mate kifuani. Mtoto alijipangusa kwa kiganja, akakimbilia nyuma ya nguo ya Chepngeno.

"Usimlaumu," Chepngeno alisema. Vidole vyake vilikuwa vya manjano kwa kuchuma pareto. "Alianza kutembea wakati wa—"

"Najua. Nilimwona. Entebbe alikuwa anashika benchi, Nairobi anakimbia."

"Entebbe alikuwa amevaa nini?"

"Shati la kijani."

Chepngeno aliitikia kwa kichwa. "Ndilo. Nimelitafuta kila mahali." Aliingia ndani akatoka na kigoda, akampa dada yake akae. "Na huko anakuitaje?"

"Ananiita mama," Jeruto alisema.

Mtoto alimvuta Chepngeno nguo akamwita kwa jina hilohilo, anataka maji, naye akampa.

Walikuwa bado wameketi hivyo Toni alipoanza kulia kule juu kilimani. Alilia kwa nguvu, kwa mazoea, na sauti ikashuka hadi kambini. Maziwa yalimtoka Jeruto yakalowesha nguo hadi kiunoni, yaleyale yaliyotoka Roma na Khartoum. Alijaribu kuyazuia kwa mikono yote miwili. Alimtazama Kemboi, na Kemboi, ambaye alishazoea ugali, alikuwa anatazama kofia.

"Laiti ningemwacha yule mbwa wa Memsahib aanguke kutoka kwenye ndege," Jeruto alisema.

"Nenda," dada yake alisema. "Watakuja kukuita, na wakija watatuona vibaya sote."

Jeruto alipanda njia ya kwenda kwenye nyumba kubwa. Memsahib alikuwa amesimama barazani na taulo mkononi, tayari, na hata kabla Jeruto hajafika alimwambia abadilishe nguo kwanza ndipo amshike Toni. Jeruto aligeuka akatazama chini. Kemboi alikuwa ametoka peke yake hadi kando ya njia, amesimama pale mstari unapoanzia, anampungia mkono.