Kikombe kwenye Kiti cha Wiebren

Siku ya kuzaliwa ya Bibi Aaltje, viti vya sebule ya makao ya wazee vilipangwa duara. Kila aliyeingia alizunguka akimpongeza kila mtu kwa mkono, hata asiyehusika. Jorien, mhudumu wa zamu, alizoea kumwekea kila mzee dawa mahali pake. Vidonge vya kisukari vya mzee Wiebren, vilivyosagwa na kuchanganywa na tufaha lililopondwa, aliviweka ndani ya kikombe kando ya kiti chake cha kijani, akaenda kukata keki.

Aliporudi, kikombe kilikuwa kitupu. Kitini alikuwa amekaa Douwe, nahodha mstaafu wa meli za mifereji, ambaye hakuwa na kisukari na tangu jana alikuwa akikataa chakula. Wiebren alikuwa upande wa pili, bado anapeana mikono.

"Babu Douwe, umekula nini hapo?"

"Uchungu mtupu. Mwambieni mpishi wenu arudi shule."

Wazee wakacheka. Dawa ile, kwa mtu mwenye njaa, ingeweza kushusha sukari mpaka azimie asiamke. Hakuna aliyeona kosa lake. Wazo la kunyamaza lilimjia, likamtisha kuliko kosa lenyewe. Ee Bwana, nifungue kinywa. Akamfuata Hendrikje, muuguzi mkuu, akamweleza yote mbele ya wageni.

Hendrikje hakumkaripia. Alimpigia daktari, akamchoma Douwe kidole kupima damu. Sukari ilikuwa imeanza kushuka. Daktari aliagiza anyweshwe kitu kitamu upesi, gari la wagonjwa lilikuwa njiani.

Jorien akapiga magoti na glasi ya maji ya zabibu. Douwe akafumba mdomo. Jasho lilimtoka kwenye paji la uso, mikono ikaanza kutetemeka. Jorien akambembeleza, akamsihi. Wapi.

Bibi Aaltje akainua glasi yake.

"Douwe, wewe hujanywa kunitakia heri bado. Unanitakia mkosi mwaka mzima?"

Mzee akamtazama, akaona aibu. Akapokea glasi, akanywa yote.

Kipimo kilipanda kidogo. Hata hivyo walimchukua kwenda kuangaliwa usiku kucha, huku akilalamika kwamba keki hakupewa. Jorien alibaki mlangoni akiomba kimoyomoyo mpaka gari likapotea.

Kisha akamwendea Wiebren na kikombe kipya, akasimama mbele yake.

"Jina lako nani, babu?"

"Leo umenisahau, mjukuu wangu?"

"Nitajie tu."

Akamtajia. Jorien hakuondoka mpaka alipomwona amemeza.