Mstari wa Mpima Ardhi

Mchoraji alikuwa na utaratibu ambao kaka yake, mpima ardhi, aliuita uvivu wenye ratiba. Kila Jumatatu alikwenda uwandani mikono mitupu, bila karatasi wala penseli, akaketi juu ya jiwe hadi miguu ikafa ganzi. Kisha alirudi nyumbani, akakaa siku tatu bila kugusa brashi. Kilichosalia kichwani siku ya nne ndicho alichokipaka, na mara nyingi hayakuwa majani, wala vilima, wala anga. Ilikuwa manjano iliyochujuka ikipotelea ndani ya kijivu, pasipo mahali ambapo mtu angeweza kusema ardhi imekoma hapa.

Hapo ndipo palipomkera kaka. Uwanda huohuo alikuwa akiukata viwanja, na dada yake alikuwa akiwaambia watu kwamba vigingi vyake vimeuua.

Asubuhi ya kuchukuliwa kwa picha, ya kwanza kukubaliwa katika maonyesho baada ya miaka kumi na moja ya kukataliwa, mchoraji aliingia chumba chake cha kazi akakuta mstari. Ulikuwa umepigwa kwa rula na wino usiofutika, kutoka ukingo hadi ukingo.

Kaka alikuwa dirishani, anakunywa chai.

"Umefanya nini?"

"Nimekusaidia. Watu lazima wajue mbingu inaanzia wapi."

"Nani kakuomba?"

"Mdogo wangu, mimi ni mtu wa mipaka. Wewe ni mpaka rangi. Tofauti yetu ni herufi moja, na hiyo herufi ninayo mimi."

"Una roho mbaya, kaka."

"Na wewe una mdomo. Hayo uliyosema kuhusu vigingi vyangu, ulidhani hayatanifikia?"

Mchoraji alipaka nyeupe juu ya wino, wino ukajitokeza. Akapaka tena, ukajitokeza tena. Saa nne akaingia msimamizi wa maonyesho, mtu wa miwani na haraka, akasimama mbele ya picha kwa muda mrefu, kama wafanyavyo waogopao kuwa wa kwanza kutoelewa.

"Mwezi uliopita haikuwa na mstari," alisema. "Sasa ndiyo imekamilika. Mstari umeibeba."

"Sikuuchora mimi."

"Usijali. Utaonekana ni wako."

Kaka akakohoa, kikohozi cha mtu aliyeshiba.

Kunyamaza kungempa mchoraji ukuta wa maonyesho alioutafuta miaka kumi na moja, pamoja na sifa za kile alichotendewa kwa chuki. Alichukua kisu, akakata kitambaa cha picha akiufuata wino kwa uangalifu ambao mpima yeyote angeusifu, kisha akaibandua nusu ya chini kutoka kwenye fremu.

"Shika shamba lako," akamwambia kaka. "Kapime."

Msimamizi aliuliza kama nusu ya juu bado inapatikana.

"Haipatikani."

Msimamizi akaondoka na fomu yake isiyotiwa saini. Mchoraji akageuka kuosha brashi. Nyuma yake, kaka alikuwa amekishika kitambaa kwa mikono miwili, akikigeuzageuza, akitafuta kaskazini.