Mama Nshobole Si Mpangaji

Kabineti ya Maître Ramla Assani, ofisi yake ya uwakili, iko mtaa wa Birere: chumba kimoja cha mbao kati ya fundi cherehani na muuza batri za simu. Kama unatafuta jengo lenye vioo, umeshalipita, rudi nyuma. Cherehani ikianza kulia, mteja analazimika kupandisha sauti, na ndiyo maana siri za nusu ya Birere zinajulikana na nusu nyingine. Mara nyingi Ramla aliwaza kuhamia Himbi, karibu na ziwa, kule maavoka, mawakili wenzake, wana mapazia. Halafu anatazama mlangoni, anaona foleni, anaahirisha.

Na foleni yenyewe! Mmoja anataka kumshitaki jogoo wa jirani. Mwingine anataka barua yenye muhuri kwa mchumba aliyebadilisha namba ya simu. Ramla, binti wa dereva Assani na mtu wa kwanza kuvaa joho jeusi katika ukoo wake wa wafanyabiashara kutoka Maniema, anawasikiliza wote kwa kanuni moja: kila mteja anaeleza mambo yake mara tatu. Mara ya kwanza amekaa, analia. Mara ya pili anakunywa chai, anatukana. Mara ya tatu amesimama, mkono uko mlangoni, anaaga. Hapo ndipo ukweli unamtoka, kwa sababu amechoka kuupamba.

Mama Nshobole, muuza sambaza, wale dagaa wa ziwani, alilia vizuri sana. Mume wake Cirhuza, fundi wa magari, alikuwa amefariki miezi mitano iliyopita. Walijenga pamoja nyumba ya Lac Vert, wakazaa watoto wanne, wakakaa miaka kumi na saba. Sasa shemeji yake, Papa Birindwa, amekuja na kufuli mpya mkononi: mama atoke kabla ya mwezi kuisha, maana hakuolewa. Alikuwa mpangaji tu.

"Mpangaji, Maître! Mpangaji mwenye kuzaa watoto wanne?"

"Karatasi ya mahari iko wapi, mama?"

"Volkano ilipotapika tulikimbilia Sake. Tulirudi, nyumba tuliikuta. Mufuko wa makaratasi, hapana. Na ndoa yetu ilikuwa ya familia tu, kwa Leta, kwa serikali, hatukuandikisha. Wazee walioshuhudia, wote wako chini ya udongo."

Ramla akaandika. Bila mahari hakuna ndoa, bila ndoa hakuna mjane, na bila mjane nyumba inarudi kwa ukoo. Chai ikaja, matusi yakaja, Ramla akajifunza maneno matatu mapya ya Mashi, lugha ya kwao mama. Mwisho mama akasimama, akashika mlango, na ghafla akacheka.

"Na ule Birindwa! Njo yeye alileta ile ng'ombe ya mahari kwetu Walungu. Aliikokota na kamba, anaringa utazani yeye njo bwana-arusi. Baba yangu alisema: huyu mutu anapenda sifa kuliko ugali."

Ramla akaweka kalamu chini. "Mama, rudia hapo."

"Kwamba anapenda sifa?"

"Hapo hapo."

Siku ya kesi Papa Birindwa alifika mahakamani na kofia ya manyoya, viatu vinang'aa, na avoka kutoka Himbi, Maître Bashige, mtu wa sauti nene na mkoba wa ngozi.

"Petite, binti mdogo," Bashige akamwambia Ramla kwenye ngazi, "bado uko katika kile kibanda?"

"Bado, Maître. Kwako kuna mapazia, kwangu kuna mlango, na mlangoni watu wanasema ukweli."

Bashige akacheka, lakini si sana.

Ndani, Mama Présidente, hakimu mkuu, alikaa katikati, kulia na kushoto wazee wawili wa mila, mmoja wao mzaliwa wa Bushi, kwao mama na Birindwa, mwenye masikio marefu na subira fupi. Bashige akazungumza nusu saa. Hakuna karatasi. Hakuna shahidi. Mahari haikutolewa, hata unyoya. Huyu mama alipokelewa kwa huruma, huruma imekwisha. Papa Birindwa alikuwa anaitikia kwa kichwa kila sentensi kama mtu anayesikiliza wimbo alioutunga mwenyewe. Kwenye benchi Mama Nshobole alishika rozari, macho chini. Kama tribinali ingemwamini Bashige, watoto wake wangelala wapi?

Ramla akasimama. Akanyoosha joho.

"Mama Présidente, leo sitabishana na Papa Birindwa."

Mama Nshobole akainua kichwa, macho yamemtoka. Hata cherehani ya Birere ingesimama.

"Anasema mahari haikutolewa. Basi naomba karani aandike vizuri, pole pole, maana vitukuu watasoma. Andika: ukoo wa Birindwa ulichukua binti ya watu Walungu. Ukakaa naye miaka kumi na saba. Akawazalia watoto wanne. Na katika miaka yote hiyo, ukoo huo haukuwa na uwezo wa kupeleka kwa baba yake hata kuku."

Mzee wa Bushi akageuza shingo, akamtazama Birindwa toka kofia mpaka viatu. "Hata kuku?" akauliza.

"Hata kuku, muzee. Miye ni mutu ya Maniema, ng'ombe sizijui. Lakini kukosa si zambi. Kuna familia maskini, tuwahurumie. Karani, ongeza: tuwahurumie."

"Maskini nani?" Sauti ya Papa Birindwa ilipasua chumba.

"Kaa chini," Bashige akanong'ona, akamvuta koti.

"Niache! Maskini nani? Ng'ombe niliitoa Kabare miye mwenyewe, na miguu, siku mbili, mvua inanyesha! Ng'ombe yenye mimba! Walungu yote ilitoka kutazama! Baba ya huyu mama alinipa kasiksi, pombe ya ndizi, kibuyu kizima, aliimba jina yangu!"

"Papa Birindwa, kaa," Bashige akasema, sasa si kwa kunong'ona.

"Na mbuzi mbili juu! Na blanketi ya mama mukwe! Karani, usiandike kuku!"

Mama Présidente akavua miwani. "Papa, tusikilizane. Mahari ilitolewa ao haikutolewa?"

"Ilitolewa! Mutu mwenye kusema haikutolewa anatukana ukoo yetu!"

"Ni weye ulisema."

Papa Birindwa akabaki kama mtu aliyekata tawi alilokalia na bado yuko hewani. Maître Bashige akaanza kupanga makaratasi yake, ambayo yalikuwa yamepangwa tayari. Mzee wa Bushi akamwinamia Mama Présidente, akasema kwa sauti aliyodhani ni ndogo: "Ng'ombe yenye mimba. Hiyo ni ndoa kubwa."

"Karani, umeandika?" Ramla akauliza.

"Mpaka na mvua, Maître."

Majuma mawili baadaye hukumu ikasomwa. Nyumba ya Lac Vert inabaki kwa mama na watoto, Papa Birindwa apeleke kufuli yake kwingine. Fundi cherehani wa Birere, aliyefunga duka ili kuja kusikiliza mwisho wa kesi aliyokuwa anaifuata kupitia ukuta, akapiga makofi mpaka akatolewa nje. Ramla naye alitamani kuruka. Lakini avoka haruki, hivyo akasimama wima, kidevu juu, akiwaza: laiti baba yake angekuwa pale amwone.

Mama Nshobole hakuruka wala hakulia. Alitembea mpaka meza ya karani, kitenge kipya kinafagia sakafu.

"Soma tena ile sehemu yangu."

Karani akasoma: "...mke halali wa marehemu Cirhuza."

"Sauti."

"Mke halali wa marehemu Cirhuza!"

Mama akageuka. Papa Birindwa alikuwa mlangoni, kofia mkononi, hajui atoke na mguu gani.

"Shemeji," mama akamwita, kwa sauti ya mwenye nyumba. "Siku ya Mungu, Jumapili, tunasomesha misa ya marehemu. Utakuja kula kwangu. Ubishe hodi."

Birindwa akageuza kofia mkononi. "Nitakuja, mama."

"Karani," akasema mama, "mara moja tena."

Na karani, ambaye alikuwa na kesi kumi na moja zinamngoja, akasafisha koo, akasoma.