Maneno ya Mteja wa Mwisho

"Iko moja tu," Émilie alisema, akaigeuza simu yake ili Germaine ajionee mwenyewe.

Germaine alicheka kwanza. Alifuta mikono kwenye kitambaa cha kiunoni, akasogeza uso karibu na kioo cha simu, na hapo kicheko kikakoma. Jina la malewa yake, kibanda chake cha chakula, lilikuwepo. Picha ya meza zake nne ilikuwepo. Chini ya picha palikuwa na nyota tatu, na chini ya nyota hizo maoni ya mtu mmoja peke yake. Mtu huyo aliitwa Germaine Lifoli.

"Ile ni jina yangu," alisema.

"Ndiyo, maman. Ni ile inanishangaza."

Émilie ndiye aliyewaagizia chakula watafiti waliopitia Kisangani kabla ya kupanda boti kwenda Yangambi. Wiki iliyotangulia alikuwa amesema wazi kwamba wakubwa wake hawamchukui mpishi yeyote kabla ya kusoma wateja wake wanasema nini mtandaoni. Germaine alimjibu kwa kujidai kwamba wateja wake wameandika mpaka wamechoka. Wala hakudanganya. Tangu Pasaka hakumruhusu mtu ainuke mezani kabla ya kumshikisha simu, tena simu yake Germaine, maana nani angemaliza mega zake za intaneti kwa kusifia pondu, yaani kisamvu, ya mwenzake? Mteja aliandika, yeye akisimama begani pake akitabasamu meno yote nje. Wengine waliuliza, "Maman, huku kuna maneno tayari." Naye akawajibu bila kufikiri, "Futa ile, andika yako."

"Simu moja, jina moja, maoni ya mutu moja," Émilie alieleza taratibu. "Kila mwenye aliandika alitoa ya mwenzake. Basi batu bote wameandikiana juu."

Germaine akajikuta ameketi, ingawa hakukumbuka kuvuta kiti. Yule mzee wa Isangi aliyeandika kwamba pondu hii imemrudisha jikoni kwa mama yake, ameondoka. Yule bibi harusi aliyeweka mioyo mitano myekundu, ameondoka. Na aliyewafuta hakuwa mwizi wala mtu mwenye wivu. Ni yeye mwenyewe, kwa amri yake, siku baada ya siku.

"Ya mwisho inasema nini?"

Émilie akasoma kwa sauti ndogo: "Niko naandika mbio juu maman amekimbilia moto yake. Samaki ni ya leo, mahali ni safi. Lakini chumvi ya pondu, siku ingine inachoma, siku ingine haiko hata kidogo. Ni vile tangu mwaka jana. Sisi bote kwa meza tunajua. Hakuna mwenye anasema, juu tunamupenda, na yeye anasimama hapa na simu."

Damu ilimpanda Germaine usoni. Tangu mwaka jana. Ndiyo, tangu homa ile iliyomlaza wiki mbili, ikaondoka na pua yake na ulimi wake. Alipika kwa kumbukumbu ya mkono tu, konzi hii kwa sufuria hii, na hakumwambia mtu, kwa sababu mpishi asiyeonja nani atakaa mezani kwake? Maoni yale hakuyaanza kwa ajili ya watafiti. Aliyataka kwa ajili yake mwenyewe. Kila aliyeandika "tamu sana" alikuwa amemwonjea, na yeye akalala akiwa na amani. Kumbe alikuwa amewasimamia. Kumbe walimwonea huruma, nao wakala chumvi ile kimya kimya, wakaaga kwa adabu.

"Unaweza kuifuta," Émilie alisema. "Si ni jina yako? Leo andika yako muzuri, kesho ninawaonyesha wakubwa."

Germaine alitoa simu yake. Kidole gumba kilikuwa tayari juu ya alama ya kufutia, naye hakujua kipi kimezidi, hasira au aibu. Ijumaa iliyopita majani ya liboke, samaki wa kufungwa majanini, yalishika moto, akakimbia. Mezani alikuwa amemwacha, na simu mkononi, Papa Bavon, mvuvi wa kwenye maporomoko, mteja wake wa miaka saba. Alimaliza sahani yote siku ile, akamshukuru, akaomba chikwange, mkate wa muhogo, ya pili.

Na sasa huyo hapo mlangoni, na kikapu cha samaki begani.

"Maman, leo nimebahatika," Papa Bavon alisema, akitua kikapu. Alipomwona ameshika simu, akanyoosha mkono kuipokea, kama walivyozoea.

Germaine hakumpa. Aliiweka simu mezani, maneno yale yakiwa bado yapo, akafunua sufuria ya pondu na kumtia mwiko mkononi.

"Onja, papa."

"Ni muzuri, maman, kila siku ni..."

"Bado hujaonja." Sauti ilimtetemeka, akaiacha itetemeke. "Ulimi yangu ilikufa na homa ya mwaka jana. Sisikii kitu. Nimesoma yenye uliandika."

Papa Bavon alibaki na mwiko hewani. Aliitazama simu, akamtazama Émilie, akainamisha kichwa.

Germaine akageuka, akawapa mgongo, uso ukitazama mbao za ukuta. "Sikuangalii," alisema.

Alisikia mwiko ukigusa sufuria. Alimsikia Papa Bavon akipuliza, akimeza.

"Chumvi iko kidogo," Papa Bavon alisema hatimaye. "Kidogo sana, maman."

Germaine aligeuka, akatia konzi moja ya chumvi, akakoroga, akarudi ukutani kwake. Nyuma yake kiti kilisogezwa, na kijiko cha pili kikagonga sufuria. Émilie naye alikuwa anaonja.

"Sasa?"

"Bado," wakasema wote wawili.